Mgongo wa Mama Mkwe

Baba yangu alipomwona kwa mara ya kwanza mtu niliyemtengeneza kwenye kompyuta, aliuliza kama mtu huyo anakwenda kubatizwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajawahi kuona mtu mzima amepakwa mafuta mengi namna ile siku ya kazi.

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimetumia wiki saba kumtengeneza mtu yule: kichwa, vidole, kola ya shati, hata kandambili zake. Alisimama katikati ya kioo cha kompyuta akizunguka polepole, na kila alipogeuka paji lake la uso lilimeta. Mimi niliona ufundi, baba akaona mafuta. Ubaya ni kwamba nilipotazama mara ya pili, hata mimi niliona mafuta tu.

Mtu mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa wa baba. Baba aliishi kwa kuandika vibao vya saluni na famasi, na kupaka maneno ya Mungu kwenye milango ya malori, lakini tangu kabla sijazaliwa alikuwa pia akichora hadithi za picha. Alizichora kwa kalamu ya biki na wino mweusi, kurasa kumi na sita, akazitoa fotokopi na kuzibana kwa pini mbili, na mama akaenda kuziuza sokoni kati ya vitunguu na betri za tochi. Shujaa wake alikuwa mwanaume mmoja anayeteremsha makabichi kutoka Kibumba hadi Goma, mji wetu, kwa chukudu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili ambalo mtu hulipanda kwenye mteremko na kulisukuma kwenye mlima. Mwanaume huyo aliishi katika nyumba ya mbao pamoja na mke wake na mama mkwe wake. Kila mara aliharibu jambo, kila mara mama mkwe aligundua, na kila mara alikimbia. Hadithi zote zilikuwa hiyo hiyo moja. Watu walizisoma mpaka karatasi ikalainika kama kitambaa, kisha wakamwazima jirani.

Jambo moja liliwafurahisha kuliko yote. Yule mama mkwe hakuonekana uso hata siku moja. Katika vitabu zaidi ya thelathini baba alimchora mgongo tu. Lakini mgongo ule ulikuwa unasema. Uliweza kukasirika, kusali, kujidai haukusikia kitu. Kuna ukurasa mmoja ambapo mkwe ameangusha sufuria ya maharagwe, na mgongo wa mama mkwe, ukiwa umeinama juu ya moto, hausogei hata kidogo, na kila aliyeutazama alijua kwamba yule bwana leo atalala na njaa.

Kisha baba akapatwa na kiharusi. Mguu wake ulirudi kiasi, ulimi ulirudi wote, tena na ziada, lakini mkono wa kulia ulikataa. Ulilala mapajani mwake kama mgeni aliyekosa gari la kurudi kwao. Tangu hapo baba alianza kujiita marehemu. Watu walipopita kumsalimu na kumuuliza kitabu kingine kitatoka lini, aliwajibu kwamba mchoraji alishazikwa, na kwamba yeye ni ndugu yake tu, amebaki kulinda viti. Walicheka, na yeye aliwaacha wacheke, lakini baadaye akaacha kukaa nje mbele ya nyumba. Alihamia chumba cha nyuma, akawa anatazama ukuta. Mtu aliyekuwa akichekesha mtaa mzima sasa alikuwa anagombana na ukuta wa mbao, na mimi sikuweza kuvumilia.

Kwa hiyo nikamwambia nitawafanya watu wa hadithi zake watembee. Nilikuwa nimejifunza katuni za kompyuta kwa kutazama video na kwa kuharibu kazi za watu, na nilijiamini kupita kiasi. Vijana wa parokia walikubali kuionyesha filamu yangu ukumbini siku ya sikukuu ya parokia. Dakika sita tu: yule bwana, chukudu yake, makabichi, mama mkwe. Baba alifikiri siku mbili, kisha akatoa sharti lake. Yeye ndiye atakayesema kama kile ni kitu chake au si chake. Akiona mkono wake mle ndani, atakuja ukumbini na kukaa mbele ya watu. Asipouona, filamu haitaonyeshwa kwa mtu yeyote, na mimi nitamwacha na ukuta wake. Nikakubali, maana sikujua ninaingia wapi.

Ndipo tulipofika kwenye mafuta.

Kompyuta ina tabia ya kumremba kila mtu. Ukiiachia, itaweka mwanga juu ya pua, kivuli laini chini ya kidevu, na mng'ao kwenye kila shavu. Mimi nilitaka kinyume chake: nilitaka sanamu yangu isiyo na udongo ifanane na mtu aliyechorwa kwa biki na mzee aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikaondoa mng'ao wote. Nikaiambia kompyuta ijue rangi mbili tu kwa kila kitu, ya juani na ya kivulini, na kati yake pasiwe na kulainika. Kisha nikaiambia ichore mstari mweusi kumzunguka mtu mzima. Umeme ulipokuja nikaziweka picha zipikwe. Sisi huita kupika, kwa sababu unaacha mashine inaunguruma na kutoa joto, na huli mpaka iishe. Baba akaletwa kutazama.

"Umemufunga na waya," akasema.

Alisema kweli. Mstari wangu ulikuwa na unene mmoja kila mahali, kuanzia utosini hadi kisiginoni. Baba alieleza, kwa uvumilivu ambao sikuuona tena baada ya siku ile, kwamba mstari hunenepa pale mtu anapobeba uzito. Chini ya gunia mstari ni mnene, chini ya mguu ni mnene zaidi. Upande wa jua unakonda, na mahali pengine unakatika kabisa ili mtu apate pa kupumulia. Nilirudi kazini. Nilikaa mwezi mzima nikiifundisha mashine mahali penye uzito, na nilijifunza kwamba mashine haijawahi kubeba kitu maishani mwake.

Halafu kivuli. Baba alikuwa akitia kivuli kwa nukta ndogondogo, maelfu, akizidonoa huku akisikiliza redio. Kompyuta ilinipa nukta mara moja, nikafurahi. Baba akazitazama akasema lile ni jeshi, linangoja kukaguliwa. Nikazitawanya. Akasema sasa ni surua. Mama, aliyekuwa kando anamenya viazi na ambaye alikuwa hakimu wetu bila kuombwa, akasema yeye anaona surua lakini surua inayoanza kupona. Nikaendelea mpaka ikapona.

Kutembea ndiko kulikonitoa machozi. Yule bwana alitembea kwa ulaini wa ajabu, bila kukatika, kama mtu anayeelea majini. Mimi nililipenda jambo hilo. Baba alitazama mara tatu, mdomo umekunjwa.

"Samaki njo anatembeaka vile," akasema. "Mutu wa Goma anatembea na anafikiria majiwe."

Nilitoka nikakaa mlangoni kutazama watu wakipita barabarani kwetu, ambako chini ni mawe meusi ya volkeno na hakuna hatua mbili zinazofanana. Ni kweli. Mtu anaweka mguu, anasimama kidogo akili ikitafuta jiwe linalofuata, anaweka mwingine. Nikarudi nikazitupa picha mbili katika kila tatu, na zile zilizobaki nikaziacha zisimame kidogo kabla ya kubadilika. Yule bwana akaacha kuogelea. Akaanza kutembea kwa kukatakata, hatua na wazo, hatua na wazo, kana kwamba mtu anamchora upya kila mara. Baba alipomwona alitoa pumzi fupi puani. Mama aliacha kisu hewani, akanitazama. Kwa miezi mingi tulikuwa hatujasikia kicheko cha baba, hata kipande.

Hapo nikajua tumekaribia. Na mtu akijua amekaribia, ndipo anapofanya ujinga.

Ili ujinga wangu ueleweke, inanibidi nieleze habari za koko, bibi yangu mzaa mama. Kwa watu wa kwao baba, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Si chuki, ni heshima, na ilikuwa kali kiasi kwamba watu wawili hao waliweza kupeana njia kwa kuingia vichakani. Siku hizi vijana wanapiga picha na mama wakwe wao harusini, wamekumbatiana, na hakuna anayekufa. Lakini baba aliishika desturi ile kama alivyoishika biki yake. Isingekuwa shida kama koko angebaki kwao Kibumba. Ila mwaka mmoja watu wa kule waliteremka wote pamoja wakikimbia vita, na koko akateremka nao, godoro kichwani, akasema atakaa wiki mbili hadi hali itulie. Alikaa miaka kumi na moja.

Kiwanja chetu kina upana wa hatua kumi na mbili, na choo kimoja. Baba na koko waliishi humo miaka kumi na moja bila kutazamana. Baba alipofika getini alikohoa, kikohozi kirefu chenye ngazi tatu, na koko akavuta kitenge kichwani na kugeukia ukuta. Alipotaka kwenda chooni alikohoa. Mgonjwa wa kifua angepumzika kuliko yeye. Wakizungumza, walizungumza kupitia kwangu. Koko, akiwa hatua tatu kutoka kwa baba, aliniambia nimwambie baba yangu kwamba chai inapoa. Na baba aliniambia nimwambie koko wangu kwamba amesikia. Nilikuwa na miaka sita nikafanya kazi ya simu kabla sijajua simu ni nini. Koko alipofariki, baba alisimama nyuma ya lori hadi jeneza liliposhuka, lakini jina msalabani aliliandika yeye, kwa herufi ambazo hakuwahi kumwandikia mteja yeyote.

Kwa hiyo kila mtu mtaani alijua ule mgongo wa kwenye vitabu ulitoka wapi. Na kila mtu alifikiri baba anachora mgongo kwa sababu ndicho kitu pekee anachokijua.

Sasa, ukichora mgongo kwa biki, umemaliza. Upande wa pili wa karatasi hakuna mtu. Kompyuta haikubali hivyo. Nilipojaribu kumtengeneza mama mkwe mwenye mgongo tu, alikuwa mtupu kama kibuyu, na aliposogea kidogo tu uliweza kumwona ndani, na kupitia kwake ukayaona makabichi. Ilikuwa lazima nimpe mbele. Nilipofika kwenye uso nikakwama, kisha nikaenda kuchukua kadi ya uchaguzi ya koko, ambayo mama anaihifadhi ndani ya Biblia. Ndiyo picha pekee ya koko tuliyo nayo: ndogo, ya kijivu, anatazama mashine kana kwamba imemkanyaga.

Nilikuwa nimekusudia uso wa haraka tu, wa kuziba tundu. Lakini nilipoanza kope, nikamkumbuka. Nikaendelea na mikunjo ya mdomo, na ngozi ya shingo, na jinsi alivyofunga kitambaa chake upande. Nilikuwa na hamu naye, ndiyo kweli yenyewe. Nilikaa na uso ule siku tisa na sikuhesabu. Ulipokamilika nikaona ni dhambi kuuficha. Nikajiambia: baba kwa biki yake hakuweza kumgeuza huyu mama, mimi kwa mashine yangu ninaweza. Nitampa zawadi. Makabichi yakianguka na kubingirika uani, picha itazunguka polepole, na mama mkwe, baada ya vitabu thelathini, atageuka na kucheka. Nilijiona nina akili nyingi.

Jumapili moja baada ya misa nikawaonyesha nyumbani, kwenye televisheni. Walikuwepo baba kitini, mama, shangazi zangu wawili na jirani mmoja aliyekuja kuomba chumvi akabaki. Kila kitu kilikwenda vizuri. Bwana aliteremka na chukudu, mawe yakamrusha, baba akatoa ile pumzi ya puani mara mbili. Nilikaa nyuma ya televisheni ili nizione sura zao. Bwana akaingia uani, akateleza, makabichi yakaenda kila upande. Mgongo wa mama mkwe ukakaza. Shangazi mmoja akaanza kucheka kabla ya wakati. Mgongo ukageuka.

Baba akakohoa.

Alikohoa kile kikohozi cha getini, ngazi zote tatu, ambacho hakuna aliyekisikia tangu koko azikwe. Mkono wake wa kushoto ukanyakua kofia na kuibandika usoni, na mwili mzima, pamoja na mguu mbovu, ukataka kusimama na kutoka. Alisukuma meza. Shangazi walipiga kelele na kujifunika vitenge, ingawa wao hawakuhusika kwa sheria yoyote, na jirani akajifunika kwa kibakuli chake cha chumvi. Mama alivuka chumba kwa hatua moja, akavua kitenge alichojitanda na kukitupa juu ya televisheni. Chini ya kitenge koko aliendelea kucheka, kwa sababu nilikuwa nimempa sekunde kumi na mbili za kucheka, na hakuna aliyekumbuka kuchomoa waya.

"Umemuletea mama mbele ya mukwe wake," mama akaniambia, taratibu, na utulivu wake ulinitisha kuliko kelele.

Mimi, niliyekulia kati ya watu wale wawili na kubeba maneno yao kama maji, nilikuwa nimesahau. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Baba alirudi chumba cha nyuma. Kabla ya kufunga mlango alisema neno moja, kwamba kile si chake. Basi. Sharti lilikuwa sharti. Ilibaki siku kumi na mbili hadi sikukuu ya parokia, na mimi nilikuwa na filamu ambayo hakuna atakayeiona, na baba ambaye amerudi kwenye ukuta wake akiwa na sababu mpya. Jioni ile ile niliukata mzunguko wote. Mama mkwe akabaki ametupa mgongo, kama vitabuni. Nilimwambia baba kupitia mlangoni. Mama akasema nimwache.

Habari zilimfikia mjomba, kaka yake mama, anayekaa Mugunga. Alikuja Jumatano amevaa koti, akasema mama yake ameonyeshwa kwa mkwe wake bila kifuniko, na kwamba zamani kosa kama hilo liliondolewa kwa mbuzi. Mama akamwuliza kama zamani kulikuwa na televisheni. Walibishana mchana kutwa, wakashukia kwenye kuku. Kuku akachinjwa, mjomba akala, akapangusa mdomo, akasema mambo yamekwisha. Kisha akanivuta pembeni na kuniomba nimwonyeshe ule uso. Nilikuwa bado ninao, upande wa pili wa ule mgongo, maana tundu lilihitaji kuzibwa. Mjomba aliutazama muda mrefu, akavua kofia. Akasema ni yeye kabisa, hakuna kilichokosekana. Mama naye akaja akasimama nyuma yetu, akasema ndiyo, ni yeye. Wakaondoka wakifuta macho, na mimi nikajisikia nafuu kidogo: angalau sikukosea sura.

Kesho yake asubuhi, mama alipokwenda sokoni, baba aliniita. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa shati safi.

"Lete ile mashini. Funga mulango."

Nilimkumbusha kwamba uso nilishauondoa kwenye filamu, kwamba umebaki mgongo mtupu.

"Nilisikia. Mugeuze."

Nilidhani ananipima. Nikafungua kompyuta mapajani mwangu, nikamweka mama mkwe mbele yake, nikasubiri akohoe. Hakukohoa, wala hakugusa kofia. Nikaukamata mgongo, nikauzungusha polepole mpaka koko akamtazama mkwe wake. Baba aliinamisha kichwa karibu na kioo, kama alivyokuwa akifanya zamani anapokagua fotokopi. Nikamwacha koko acheke, sekunde zake kumi na mbili. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara nne.

"Haiko yeye," akasema.

Nilishtuka. Nikamwambia mama amesema ni yeye, mjomba amesema ni yeye, watu aliowazaa koko mwenyewe.

"Bale walikuwa wanamuzoea. Hakuna wa kumuangalia." Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akagusa kioo. "Akitaka kucheka, jicho ya kushoto njo inaanzaka. Inajifunga kidogo, kama anakatala. Mudomo unakuya nyuma. Weye umeanzisha mudomo."

Nikamtazama. Miaka kumi na moja ya kukohoa. Nikamuuliza alijuaje.

Hakuona haya hata kidogo. Aliniambia habari ya kioo chake cha kunyolea ndevu, alichokitundika mwenyewe kwenye msumari wa ukuta wa uani. Kila alipomaliza kitabu, kabla ya fotokopi, alikiacha kitabu hicho juu ya kigoda cha jikoni, kama mtu aliyekisahau. Kisha alikwenda kunyoa. Koko aliketi nyuma yake, akajua mkwe amempa mgongo, akakichukua kile kitabu na kukifungua. Hakujua kusoma, alitazama picha. Baba alinyoa shavu moja kwa nusu saa, akimwangalia kwenye kioo anavyojitazama mgongo wake mwenyewe. Jicho la kushoto likianza, alikwenda fotokopi. Lisipoanza, alirudi kwenye ndoo yake na kuchora upya.

"Wazee walikataza kuangalia mama mukwe," akasema. "Kuangalia kioo hawakukataza."

Nikacheka. Nilifikiri miaka yote kwamba nilikuwa njia pekee kati yao. Kumbe walikuwa na mazungumzo yao, na mimi sikuhitajika.

"Mugongo inatoka ku sura," akaendelea, sasa kwa ukali wa mwalimu. "Kama haujue sura inafanya nini, mugongo itakuwa ukuta. Njo maana ile yako imekufa. Tengeneza jicho."

Nikamuuliza, basi, kama nikitengeneza, amgeukie nani, maana mbele ya watu hatutamgeuza tena. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu asiyesikia.

"Asigeuke. Acheke kule kule."

Nilifanya kazi siku tano. Nililifunga jicho la kushoto kidogo, nikauchelewesha mdomo, na kwa sababu uso umeunganishwa na shingo, na shingo na mabega, kitu kilisogea upande wa nyuma pia: bega la kushoto lilipanda, kiasi cha unywele, kisha likatulia. Sikulipanga. Baba alilitazama bega lile mara moja tu. Akasema nipeleke kwa vijana wa parokia, na akamwomba mama ampigie pasi suruali.

Ukumbi ulijaa. Baba aliketi safu ya mbele, mkono wa kulia mapajani, koti la harusi yake likimbana. Watu walicheka bwana alipoteremka. Walicheka alipoteleza. Makabichi yalipobingirika na mgongo wa mama mkwe ukakaza kwenye kitambaa cheupe, mkubwa kuliko mlango, walipiga kelele za furaha, wakaonyeshana mama mkwe kwa vidole kama mtu wa mtaani kwao aliyerudi safari. Baba peke yake alikaa kimya, akiusogelea mgongo kwa macho. Mimi nilikuwa kando yake, nami ndiye niliyejua kila sekunde ya kazi ile. Akaniinamia sikioni bila kuacha kutazama.

"Jicho imeanza?"

"Imeanza, Papa."

Ndipo naye akacheka.